Kona Hukatwa na Tairi za Nyuma Pia

Honda CR-V ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1995, ina pampu mbili ndogo za haidroliki kwenye difu ya nyuma. Moja huzungushwa na propela inayotoka mbele, nyingine huzungushwa na tairi za nyuma. Tairi zote zikienda mwendo mmoja, oili inayosukumwa na pampu ya kwanza humezwa yote na ya pili, na gari huvutwa na tairi za mbele peke yake. Za mbele zikianza kuserereka na kuzunguka haraka kuliko za nyuma, pampu ya kwanza hutoa oili nyingi kuliko mwenzake anavyoweza kumeza. Presha hupanda, hubana sahani za klachi, na nguvu ya injini huanza kufika nyuma. Yote haya hufanyika bila kompyuta wala swichi. Ni ubunifu ninaouheshimu sana, ila kwa dereva aliye katikati ya kona una upungufu mmoja mkubwa: msaada haufiki mpaka tairi za mbele ziwe zimeshateleza.

Mshiko wa tairi una kikomo, na kikomo hicho ni kimoja kwa kazi zote. Mhandisi wa Kijerumani Wunibald Kamm aliueleza kwa duara: kadiri tairi linavyotumia mshiko wake kuvuta gari mbele, ndivyo linavyobakiwa na kidogo cha kulishikilia gari lisitupwe nje ya kona. Gari dogo la kisasa lenye injini mbele hubebesha tairi za mbele uzito mwingi, halafu zinadaiwa kuvuta na kugeuza kwa wakati mmoja. Zikishindwa, unakata usukani na gari linaendelea kwenda moja kwa moja, kuelekea ukingo.

Tupige hesabu. Chukua gari la kilo 1,500 pamoja na abiria, asilimia 60 ya uzito ikiwa mbele, linapanda kona ya udongo uliolowa kama zile za milima ya Usambara ukishaiacha lami. Tuseme udongo huo unalipa tairi mshiko wa asilimia 40 ya uzito linaoubeba. Kila tairi la mbele lina takriban niutoni 1,770 za kutumia. Kupanda na kuongeza mwendo kunahitaji niutoni 2,400 kwa gari zima. Zikitoka mbele tu, kila tairi la mbele linatoa 1,200, na kwa hesabu ya duara la Kamm linabakiwa na 1,300 za kukatia kona. Sasa gawa kazi hiyo kwa 60 mbele na 40 nyuma. Tairi la mbele linavuta 720 tu, na linabakiwa na zaidi ya 1,600. Za nyuma hupoteza kidogo, lakini zilikuwa na akiba ambayo haikuwa na kazi. Kikomo cha mbele na cha nyuma hukutana karibu mahali pamoja, kwa sababu nguvu imegawanywa kwa uwiano uleule wa uzito. Hapo ndipo dereva huhisi gari limetulia na linafuata usukani.

Kwenye kona ya nusu-kipenyo cha mita 30, tofauti hiyo ni kutoka kama kilomita 33 kwa saa hadi 37. Si mwendo mwingi. Faida kubwa ni kwamba ukikanyaga mafuta katikati ya kona, pua ya gari haikimbilii nje.

Kwa hiyo mimi huyapima magari madogo ya kuvuta tairi nne kwa swali moja: nguvu inafika nyuma lini? Subaru Forester ya mwaka 1997 yenye gia za mkono huwa imeshaifikisha. Ina difu ya kati inayogawa nusu kwa nusu muda wote, pamoja na kifaa chenye majimaji mazito kinachozuia upande mmoja usikimbie peke yake. Toyota RAV4 ya mwaka 1994 nayo ilikuwa na difu ya kati, na zile za gia za mkono ziliwekewa swichi ya kuifunga. Kufunga kunasaidia kutoka kwenye tope, lakini kwenye kona kali ya ardhi ngumu kunadhuru. Gari likigeuka, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, hivyo lazima zizunguke zaidi. Ukizifunga zizunguke sawa, zinagombana, usukani unakuwa mzito na gari linakataa kugeuka. Wanaodhani kufunga ndiyo nguvu kamili ya mfumo huu wamechanganya kujinasua na kukata kona.

RAV4 iliyotoka mwaka 2005 ilifuata njia nyingine. Difu ya kati iliondolewa, na mbele ya difu ya nyuma ikawekwa klachi inayobanwa kwa sumaku ya umeme. Kompyuta husoma mkanyago wa mafuta, pembe ya usukani na mwendo wa kila tairi, kisha inaweza kubana klachi mara tu unapokanyaga mafuta, kabla tairi halijaserereka. Nissan Juke ya mwaka 2010, ile ya kuvuta tairi nne, iliongeza hatua: klachi mbili nyuma, moja kwa kila upande. Ikilipa tairi la nje ya kona nguvu zaidi kuliko la ndani, tofauti hiyo yenyewe hulisukuma gari ligeuke. Kwangu hayo ndiyo maendeleo makubwa kuliko yote, maana tairi za nyuma sasa zinageuza gari.

Haya yote hufanya kazi ukiwa umekanyaga mafuta. Ukikanyaga breki, tairi zote nne zinafanya kazi kwenye kila gari, hata lile la kuvuta mbele tu, na gari la kuvuta tairi nne halisimami mapema kuliko jirani yake. Na rudi kwenye hesabu yetu: ukiliacha gari livute mbele tu, lakini ukalifungia tairi bora zinazopandisha mshiko kutoka asilimia 40 hadi 50, kona ileile itapitika kwa karibu kilomita 40 kwa saa. Tairi nzuri zimeushinda mfumo mzima, tena zitakusaidia kwenye breki pia.

Anayenunua gari la namna hii la mtumba aanzie hapo. Tairi nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Tairi jipya moja likichanganywa na kuukuu, kipenyo hutofautiana, na mfumo utadhani kuna utelezi usiokuwepo. Klachi itajisugua siku nzima kwenye lami kavu mpaka iungue. Kwenye CR-V za pampu mbili, kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu uwanjani na usikilize nyuma. Ikiguna au kutetemeka, mara nyingi oili ya difu imechoka, na inatakiwa ile maalumu ya mfumo huo, si oili yoyote ya gia. Fundi akikushauri uvue propela ili uokoe mafuta, muulize kwanza gari lako lina mfumo gani. Ukiivua kwenye gari lenye difu ya kati iliyo wazi, nguvu itakimbilia upande usio na mzigo, na gari halitaondoka hata hapo gereji.