Komanda Anapima Kilo

Kazi ya komanda kwenye kiwanja cha ndege cha Kolwezi huanza kwa miguu. Ni mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, na moshi wa mapori yanayochomwa bado umetanda juu ya mji. Anasimama kwenye mlango wa kushoto wa Caravan, ndege ya injini moja, kisha anaizunguka. Kila safari huanzia hapo na kupitia upande uleule. Anavua kifuniko cha mrija wa pito, unaopima mwendo wa hewa, anachungulia tundu lake kuhakikisha mdudu hakujenga humo, kisha anatoa vizibo vya matundu ya injini. Kila anachokitoa anamkabidhi rubani msaidizi, kijana wa hapa Kolwezi, ambaye naye anahesabu kwa sauti.

Desturi hii aliitoa jeshini. Eneo la Katanga, ulipo mji huu, lina historia ndefu ya urushaji wa kijeshi: miaka ya 1950 Wabelgiji walikuwa na shule ya marubani huko Kamina, na wanafunzi walijifunzia kwenye ndege za Harvard zenye injini ya silinda tisa zilizopangwa duara. Kabla ya kuwasha, propela ilizungushwa kwa mkono, maana oili iliyotuama kwenye silinda za chini ingeweza kuvunja injini. Baadhi ya marubani wa jeshi la Ubelgiji waliishia kurusha abiria wa Sabena, lililokuwa shirika la ndege la nchi hiyo. Caravan haina hatari hiyo ya oili, lakini komanda bado anashika panga la propela na kulizungusha polepole. Anategea sikio. Kama kuna chuma kinachokwaruzana ndani, atakisikia sasa, kabla ya kelele.

Chini ya bawa anapiga goti. Ana kikombe kidogo cha plastiki kisicho na rangi. Anakisukuma kwenye vali, mafuta yanatiririka, anakiinua kuelekea mwanga. Hazungumzi na mtu. Maji ni mazito kuliko mafuta ya ndege, kwa hiyo yakiwemo hukaa chini kabisa kama ushanga. Anatikisa mafuta, anasubiri yatulie, anatazama tena, ananusa. Hakuna ushanga. Anahamia vali inayofuata na kuanza upya, kwa subira ileile aliyokuwa nayo kwenye vali ya kwanza.

Kisha inakuja mizani. Abiria wanapanda mmoja mmoja na mizigo yao mikononi, na kijana anaandika. Caravan ya aina hii hairuhusiwi kuruka ikiwa na zaidi ya kilo 3,970 hivi, pamoja na mafuta na watu. Lakini komanda haitazami tarakimu hiyo peke yake. Kolwezi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi. Injini inapata pumzi ndogo, mabawa yanashika kidogo, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Anafungua jedwali, anaweka kidole kwenye nyuzi za joto, anakiteremsha hadi kwenye urefu wa njia ya kurukia, anaandika kwa penseli. Magunia mawili yanabaki.

“Papa, ni bunga tu,” mama mmoja anamsihi.

“Mama, bunga itakuya kesho.”

Hapa ndipo ufundi wa pili ulipo, ule ambao jeshi halikumfundisha. Tarehe 19 Mei 1978 wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa waliorukia mji huu walibanana ndani ya ndege za C-130 za jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kwa sababu vita havisubiri mizani. Rubani wa jeshi hupewa amri, naye hutafuta namna ya kuitimiza. Rubani wa abiria hupewa haki ya kukataa, na ni lazima ajifunze kuitumia bila hasira na bila aibu. Komanda anaitumia kwa penseli.

Ndani, mkono wake wa kushoto unabonyeza swichi ya kuwashia, wa kulia uko kwenye wenzo wa mafuta. Macho hayatoki kwenye vipimo. Mzunguko wa injini unafika asilimia 12, na hapo tu ndipo anaruhusu mafuta. Joto la injini linapanda kwa kasi. Likikaribia nyuzi 1,090, atakata. Vidole vinabaki palepale, vimeinama tayari kurudi nyuma, mpaka sindano inapogeuka na kushuka. Kwenye vumbi jekundu anavuta kitasa kinachoielekeza hewa yenye uchafu nje ya injini.

Wanapokimbia kwenye njia ya kurukia, kijana anataja joto, komanda anasukuma nguvu kidogo kidogo. Katika hewa hii joto la injini huweza kufika kikomo, nyuzi 805, kabla nguvu haijafika kikomo chake, kwa hiyo anasimamia sindano ya joto. Ndege inanyanyuka pale penseli iliposema.

Kamina ni chini ya saa moja kaskazini. Baada ya kutua, komanda anaandika muda kwenye daftari lake, kwa dakika. Cheti cha jeshi peke yake hakimruhusu mtu kubeba abiria. Leseni ya juu ya rubani wa mashirika inataka saa 1,500, mitihani, na kupimwa upya mbele ya mamlaka ya kiraia. Saa za jeshini huweza kuhesabiwa, ila zile tu zilizoandikwa. Anamrudishia kijana daftari lake: kijana ameandika saa kamili mahali penye dakika 48. Kijana anafuta, anaandika 48, na komanda anatia sahihi.