Pongezi kwa Wanaoutia Mwanga Nguvu

Mkulima wa kahawa wa Nkwenda, Kyerwa, akimpigia mwanawe aliye Dar es Salaam, sauti hupokewa na mnara wa mlimani, kisha sehemu kubwa ya safari hupita ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Kioo hicho, hata kiwe safi namna gani, hupoteza mwanga: baada ya kilomita 100 hubaki takriban sehemu moja tu ya mia.

Zamani kila kituo cha njiani cha kukuza mawimbi kiligeuza mwanga kuwa umeme, kikaukuza, kikaugeuza tena kuwa mwanga. Mwaka 1987 kundi la David Payne, Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, lilionyesha njia bora: tia elementi iitwayo erbiamu kidogo sana ndani ya kioo, ichochee kwa leza, na mwanga dhaifu unaopita hapo hutoka na nguvu mpya bila kugeuzwa umeme. Emmanuel Desurvire, aliyekuwa maabara ya Bell Labs, Marekani, alifikia hapohapo mwaka uleule. Kwangu mimi, ni miongoni mwa kazi kubwa za karne iliyopita.

Heshima ileile nawapa mafundi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, mtandao wa nyuzi hizo za kioo nchini Tanzania, uliofika Rusumo na Mutukula na kuvuka mipaka. Greda likiukata, wao hushuka mtaroni, husafisha ncha kwa spiriti, huzikata sawasawa, kisha huziyeyusha pamoja kwa cheche ya umeme. Chembe moja ya vumbi ikiingia, wanaanza upya.