Vua Raba, Mama, Tukupige Picha

Wahakiki wetu wamezoea vitabu na mashairi. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki picha, maana ugonjwa ninaouona kwenye picha hizo ndio huohuo unaozitafuna hadithi zetu sisi vijana. Nazungumzia zile picha za "mavazi ya asili" zinazopigwa kwetu kusini, Nachingwea na Ruangwa, hasa baada ya mavuno, msimu wa jando na unyago unapoingia. Hata kama hujafika huko, unazijua. Bibi kasimama mbele ya nyumba ya udongo, kafunga kaniki kifuani, shanga shingoni, macho yanatazama mbali. Chini pameandikwa: "Mwanamke wa Kimwera." Basi. Jina lake halipo.

Sasa mimi swali langu ni moja tu: asubuhi ile, kabla mpiga picha hajafika, bibi huyo alikuwa kavaa nini?

Nauliza kwa sababu nimeshuhudia. Ilikuwa kijiji kimoja cha Ruangwa, siku ya kutoka mwali. Kina mama walikuwa ndani ya sare ya kitenge, wamechangishana tangu ufuta ulipouzwa. Mwali mwenyewe kabebwa mabegani, gauni jipya, miwani ya jua, mwamvuli juu yake. Vumbi linatimka, ngoma inalia. Akaja kijana na kamera yake kutoka Dar. Akatazama, akaguna. Halafu akamfuata mama mmoja aliyekuwa akicheza vizuri: "Shikamoo mama. Samahani, hebu vua raba hizo. Na hicho kitenge weka pembeni. Hapa hamna kaniki?" Kaniki ikatafutwa, ikapatikana kwa jirani. Mama akaifunga, akapigwa picha, akairudisha kaniki ya watu, akavaa raba zake, akarudi ngomani. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu mtoto kaja kupiga picha kaniki ya mama fulani, mimi kaniazima mwili tu."

Uhakiki wa picha ile umekwisha hapo. Mimi naongeza maelezo.

Kosa la kwanza la picha kama hiyo ni la maudhui. Kijana yule aliamini anaitafuta mila, kumbe aliisukuma pembeni. Mila ya jando na unyago huku kwetu inasisitiza upya. Vijana wa jando wakitoka, kibanda walichokaa huchomwa moto, ya zamani yanaachwa nyuma, na mtoto anarudi kwa mama yake na nguo mpya. Vazi la siku hiyo lazima liwe jipya, na liwe bora kadiri ukoo ulivyojaliwa. Kwa hiyo gauni la dukani na miwani ya jua ndiyo mila yenyewe ikitekelezwa. Anayemvisha mwali tambara la kale ili picha ipendeze anamrudisha kule alikotolewa.

Tena hiyo kaniki tunayoililia ni ya asili ya wapi? Kabla yake watu wa bara la kusini walivaa magome ya miti yaliyopondwa. Kisha misafara ya pwani ikaleta vitambaa, na merikani ikatamba kote Afrika Mashariki katika karne ya 19. Jina lenyewe linasema ilikotoka: Marekani. Kaniki nayo ilikuwa nguo ya madukani. Bibi yetu wa mwaka 1900 aliyefunga kaniki alikuwa mtu wa kisasa wa siku zake, kama mjukuu wake mwenye raba.

Mtindo huu una babu yake. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi akiwa na kamera, mtambo wa picha za sinema na chombo cha kunasa sauti. Akapita Nyangao mpaka Masasi, kisha akapanda nyanda za Makonde. Mwaka 1908 akachapisha kitabu. Humo machifu wa Kiyao kama Matola na Nakaam wana majina yao. Lakini wanawake wengi wametambulishwa kwa kabila na pambo: huyu wa ndonya mdomoni, yule wa kipini puani. Na tukumbuke mwaka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimelipuka 1905, Wamwera wakiwamo, na misheni ya Nyangao ilikuwa imechomwa. Nyuso zile zilikuwa zimetoka vitani, na njaa ilikuwa ikipita. Ukitazama ndonya peke yake, hayo yote yanakupita.

Lakini Weule, pamoja na dharau za enzi yake, alifanya jambo ambalo vijana wetu wa kamera hawalifanyi. Aliwapa watu wa msafara na wenyeji penseli na karatasi, wakachora walichotaka, naye akaichapa michoro yao kitabuni. Na yeye mwenyewe wakamchora: "Bwana Pufesa." Profesa aliyekuja kuandika mavazi ya watu kaandikwa mavazi yake! Mimi mchoro huo naupenda kuliko picha zote za kitabu kile, kwa sababu pale mtazamwaji naye alipata zamu ya kutazama.

Kosa la pili ni kuchagua. Nachingwea imevaa nguo nyingi. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta mradi wa karanga, na maelfu ya watu walivaa nguo za kazi wakifyeka pori na kujenga reli. Mradi ukafa, baadaye hata reli yenyewe ikang'olewa. Mwaka 1967 wanawake wa FRELIMO walipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, kombati mwilini na bunduki begani. Hizo nazo ni nguo za kwetu, zina historia. Lakini nani anakwenda kwa wazee akaulize kama kuna shati la mradi wa karanga lililobaki sandukuni? Hakuna. Halionekani la kienyeji vya kutosha.

Hata kanga inaonewa. Picha nyingi hukata ile sehemu yenye jina la kanga, ati maandishi yanaharibu mandhari. Jamani! Sisi ni watu wa fasihi. Mama kachagua kanga ile dukani kwa sababu ya maneno yake, pengine anamjibu jirani, pengine anamsema mume. Ukiyakata maneno umemziba mdomo, umebakiza rangi.

Najua nitajibiwa: vitu vya kale vinapotea, lazima mtu aviwekee kumbukumbu. Nakubali kabisa. Wenye ndonya wamekwisha kuwa wa kuhesabu, na asiyewapiga picha leo kesho atajuta. Lakini kumbukumbu ina masharti. Andika jina la mtu, kama mwenyewe ameridhia. Andika mwaka na kijiji. Kama nguo ni ya kuazima, sema ni ya kuazima. Na nakala ya picha irudi kijijini. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliweka pale suti, saa na redio. Mteja akachagua aonekane vipi, kisha akaondoka na picha yake. Studio zetu za mitaani zenye pazia la kuchorwa zilifuata kanuni hiyo hiyo. Mteja alikuwa bosi wa sura yake mwenyewe.

Sasa nageukia kwetu, washikaji wa kalamu. Hadithi nyingi zinazosomwa kwenye vikao vyetu zikifika kijijini hufanya kama yule kijana wa Dar. Bibi akitokea tu, anavuliwa raba. Anavishwa kaniki, anakalishwa kigodani, anapewa methali mbili za kusema, kisha anakufa ukurasa wa 4 ili mhusika wa mjini apate kulia. Hana deni la pembejeo, hana redio, hajawahi kugombana na mtu wa mizani kuhusu kilo za korosho. Mwandishi anaita hiyo fani. Mimi naiita kaniki ya jirani.

Bibi wa Ruangwa ninayemfahamu mimi anajua bei ya ufuta wa mwaka huu na wa mwaka jana. Anavaa fulana ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha zamani, juu yake kanga, chini raba za mjukuu. Akienda msibani anavaa tofauti, akienda kliniki tofauti. Kila nguo ina sababu, na sababu hizo ndizo hadithi. Ukitaka kumwandika, mkute alivyo siku hiyo, muulize fulana kaipata wapi, kisha ukae kimya umsikilize. Ukimaliza kuandika, rudi ukamsomee. Akicheka mahali ambapo hukutegemea, toa kalamu uanze kusahihisha hapo.