Kichwa Kile Kilikuwa cha Moto, si cha Mbwa

Mbuzi yule wa machinjio ya Kiamaiko, Nairobi, alisomwa vizuri. Aliyeharibu ni mwenye shoka. Nasema mapema ili wanaozoea kumlaumu mkaguzi wa nyama wapunguze kelele.

Kijana wa kushusha mbuzi alimwona akizunguka kushoto, kushoto tu, kichwa kimelala upande, jicho la kulia halipepesi hata ukilipitishia kidole. Akabonyeza fuvu karibu na pembe, mfupa ukabonyea. Kazi safi. Haukuwa ugonjwa wa skrepi wa kule Ulaya, ambao humfanya mnyama ajisugue hadi manyoya yang'oke. Huyu hakujikuna hata mara moja. Akachinjwa, nyama ikapigwa muhuri, sina neno.

Halafu kichwa kikapasuliwa kwa ajili ya supu. Upande wa kushoto wa ubongo kikachomoza kifuko cha maji maangavu, utando wake mwembamba, na ndani vidoa vyeupe vimeshikamana kama punje za mchele. Kila kidoa ni kichwa cha tegu. Mwenye shoka akakitazama kifuko, akacheka, akamrushia mbwa aliyekuwa akingoja mtaroni.

Jamani! Kifuko kile kingeozea pale mezani, mkosi ungeishia hapo. Tumboni mwa mbwa, kila kidoa kinaweza kuwa tegu kamili, na baada ya wiki chache mayai yanatoka na kinyesi, yanatua kwenye majani ambako mbuzi wa mtaani wanachungwa kando ya Mto Mathare. Miezi ikipita, mwingine anaanza kuzunguka. Binadamu naye akiyameza, kifuko kinaweza kuota ubongoni mwake. Na mitaro hiyo ndiyo uwanja wa watoto wetu.

Nimelalamikia mbwa wa mtaa wa Huruma hadi mhariri ananikwepa, na sitaacha. Küchenmeister, daktari Mjerumani, aliwalisha mbwa vifuko hivi miaka ya 1850, akaonyesha jinsi vinavyogeuka tegu. Shirika la afya la AMREF lilipopambana na tegu mwingine kule Turkana miaka ya 1980, liliwashughulikia mbwa. Wale walijua mchezo unachezewa wapi. Wamaasai wa Ngorongoro nao wana jina la ugonjwa huu, ormilo, na mchungaji wao hahitaji maabara kumtambua mbuzi wa aina hii.

Jiko la kubabulia vichwa na kwato lilikuwa likiwaka hatua tatu kutoka kwenye shoka; kifuko kingetupwa humo. Na mnaoniambia mbwa naye ana njaa, haya, mnunulieni dawa ya tegu, prazikwanteli, kwanza.