Mgomba Sugu: Sugu Dhidi ya Nini?

Istilahi ya kilimo haimalizi kazi yake katika daftari la mfasiri. Hufika shambani, na huko hupimwa na mtu ambaye hakuwapo ilipoundwa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi tatu zinazotumika katika maandishi ya Kiswahili kuhusu uzalishaji wa migomba yenye kuhimili magonjwa, na kuonyesha jinsi kila moja inavyoweza kumpotosha mkulima.

Ya kwanza ni jina la zao lenyewe. Ndizi ndefu na ngumu za jamii ya mzuzu na mkono wa tembo mara nyingi hufasiriwa kuwa "ndizi za kupika". Tafsiri hii ni pana mno. Ndizi ambazo Wahaya huziita ebitoke nazo ni za kupika, walakini si za jamii hiyo: wataalamu huweka mzuzu katika kundi la AAB, na ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki katika kundi la AAA. Afisa wa Bukoba akisoma kwamba "aina mpya ya ndizi za kupika" imepatikana, hana njia ya kujua kama inahusu chungu cha watu wake au cha watu wengine. Kwa maoni yetu, "ndizi za jamii ya mzuzu" ingetosha, kwani jina hilo limekwisha kuzoeleka sokoni.

Ya pili, iliyo nzito zaidi, ni "sugu". Twasema "ugonjwa sugu" kwa ule usiopona, kisha twasema "mgomba sugu" kwa ule usiougua. Msomaji anayeyakuta yote mawili katika aya moja ana haki ya kuuliza ni nani aliyemshinda mwenzake. Lakini kasoro kubwa ni kwamba neno hili, likisimama peke yake, huahidi kila kitu.

Tuchukue mfano wa machotara ya NARITA, yaliyozalishwa na shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, NARO, pamoja na taasisi ya kimataifa ya IITA. Mwaka 2021 manne kati yake yaliidhinishwa Tanzania kwa jina la TARIBAN. Sifa yao kuu kwa upande wa magonjwa ni kuhimili Sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani. Mnyauko bakteria, ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia Kagera, ni ugonjwa mwingine kabisa, na hakuna aina iliyokwisha kusambazwa kwa wakulima yenye kinga kamili dhidi yake. Huzuiwa kwa kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kung'oa migomba iliyougua na kusafisha zana kwa moto au dawa. Je, mkulima aliyeambiwa kwamba mgomba wake ni sugu ataona sababu gani ya kuupitisha upanga wake motoni?

Tunapendekeza maneno matatu yatenganishwe. "Kinga" iwe hali ya mmea usioingiliwa na ugonjwa kabisa. "Ukinzani", hali ya mmea unaozuia ugonjwa usienee. Na "ustahimilivu", hali ya mmea unaougua lakini ukaendelea kuzaa vema. Na kila neno lifuatwe na jina la ugonjwa unaohusika.

Ya tatu ni "kuasili", inayotumiwa kwa mkulima anayechukua aina mpya. Hili ni neno la sheria na malezi: mtoto huasiliwa kwa hati, na jambo likaisha. Mgomba hauna hati. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa maendeleo uliosaidiwa na Ubelgiji uligawa mkoani Kagera machipukizi zaidi ya milioni mbili ya aina ngeni, zikiwamo za FHIA kutoka Honduras. Wakulima waliisifu mikungu yake mikubwa. Hata hivyo wengi waliendelea kupendelea ndizi zao za asili kwa ladha na ulaini wa chakula, na baadhi ya zile ngeni zikaishia kuwa pombe au kuliwa mbivu. Mkulima wa namna hiyo ameasili nini? Taarifa ya ofisini itamhesabu. Chungu chake hakitamhesabu. Heri tuseme wazi: "kupokea", "kujaribu" na "kudumu na" aina mpya, kwa kuwa hizo ni hatua tatu, na wengi huishia katika ya pili.

Hatudai kwamba istilahi sahihi itaponya mgomba. Tunachodai ni kwamba mkulima aliyeahidiwa kinga akapata ustahimilivu hataulaumu ufasiri. Ataulaumu mgomba, na chipukizi lijalo atalikataa. Kwa hiyo tunatoa rai kwa wafasiri, walimu na maafisa ugani: kabla ya kuandika "sugu", tujiulize kwanza, dhidi ya nini na kwa kiasi gani.