Daftari la Pili: Uhakiki wa Kihesabu Gharama katika Programu ya KPPP

Ikisiri

Makala haya yanahakiki sehemu ya programu ya KPPP iliyohesabu muda na gharama ya kuunganishwa na intaneti kwa njia ya simu. Mfano unaochunguzwa ni wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990, mahali ambapo kila dakika ya simu ya ndani ya mji ililipiwa. Makala yanahoji kuwa thamani ya kihesabu hicho haikutokana na usahihi wa jumla kilizozionesha, bali na ukweli kwamba kilimpa mlipaji daftari lake mwenyewe, lililoandikwa kwa namna aliyoweza kuisoma, kuisahihisha na kuitumia kuhoji ankara. Aidha, yanabainisha kasoro mbili za msingi: kanuni zisizo na tarehe, na kipimo kisichoona kinachotendeka upande wa mitambo ya simu.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huelezwa kuwa ni nasaha kwa mfanyabiashara: aandike anachouza na anachokopesha, la sivyo duka litafilisika bila yeye kujua. Hata hivyo, methali hiyo hiyo inaibua swali ambalo nasaha hiyo hulipita: daftari ni la nani? Ikiwa muuzaji ndiye mwenye pishi, ndiye anayepima na ndiye anayeandika, basi mnunuzi ana mali lakini hana daftari. Atajua alichotumia siku atakayoletewa deni.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya mtumiaji wa intaneti ya simu katika nchi nyingi za Ulaya. Modemu ilipiga namba ya mtoa huduma, laini ikashikwa, na saa ikaanza kuhesabu mahali asipopaona. Ankara ilifika baadaye, ikiwa imekwisha kujumlishwa. Nchini Marekani mambo yalikuwa tofauti. Huko simu za ndani ya mji mara nyingi hazikutozwa kwa dakika, na Desemba 1996 kampuni ya AOL iliacha kutoza kwa saa na kuanzisha malipo ya dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo cha muda. Kwa sababu hiyo, programu ya kuhesabu gharama ya simu ilikuwa na haja kubwa zaidi Ulaya kuliko Marekani, na ni Ulaya inakopaswa kuhakikiwa.

KPPP ilikuwa programu huria ya kupiga simu ya intaneti katika mazingira ya KDE, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 1998. Wahakiki wa programu huitazama zaidi kama chombo cha kuunganisha: je, inapiga, inaingia, inakata? Makala haya yanachukua mkondo mwingine. Yanasoma sehemu yake ya hesabu kama matini: maandishi yenye mwandishi, msomaji, muundo na msimamo.

2.0 Muktadha: bei iliyofuata saa

Kihesabu hakieleweki bila bei kiliyokuwa kikiihesabu. Tangu Januari 1, 1996, Deutsche Telekom ilitoza simu kwa yuniti ya Pfennig 12. Bei ya yuniti haikubadilika mchana wala usiku. Kilichobadilika ni urefu wake. Kwa simu ya ndani ya mji, yuniti moja ilidumu sekunde 90 kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni siku za kazi, sekunde 150 baada ya hapo hadi saa tatu usiku, na sekunde 240 usiku uliofuata.

Kwa hesabu hiyo, saa moja ya mchana ilikuwa yuniti 40, yaani Mark 4.80. Saa moja ya jioni ilikuwa yuniti 24, yaani Mark 2.88, na ya usiku yuniti 15, yaani Mark 1.80. Huduma ni ile ile, laini ni ile ile, lakini mtu wa usiku alilipa chini ya nusu ya mtu wa mchana. Zaidi ya hayo, yuniti iliyoanza ililipiwa yote. Aliyepiga simu mara kumi mchana kuchukua barua pepe, kila mara kwa sekunde 20, alilipa yuniti 10, yaani Mark 1.20. Aliyekaa sekunde 200 mfululizo alilipa yuniti 3 tu, yaani Pfennig 36. Muda ulikuwa sawa, gharama ilizidi mara tatu.

Mifano hii inaonesha kwamba saa ya ukutani haikutosha. Mtumiaji aliyetazama dakika pekee alidhani anabana matumizi kwa kukata simu haraka na kupiga tena, kumbe anaongeza. Alichohitaji ni chombo kinachogeuza dakika kuwa fedha papo hapo, kabla hajakata simu.

3.0 Muundo wa faili la kanuni

KPPP ilikidhi haja hiyo kwa njia inayostahili kuchunguzwa kwa makini. Bei hazikufichwa ndani ya programu. Ziliandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, yaliyopangwa katika folda kwa majina ya nchi. Kila faili lilitaja jina la kanuni, alama ya sarafu, upande wa kuiweka alama hiyo na idadi ya tarakimu baada ya nukta. Baada ya hapo lilitaja gharama ya chini kabisa ya simu, gharama ya kuanzia, na bei ya msingi. Bei iliandikwa kama jozi ya namba mbili. Jozi (0.12, 90) inasomeka hivi: toza sehemu 0.12 za sarafu kwa kila sekunde 90. Mistari iliyofuata ilieleza siku, saa na jozi nyingine.

Kwa upande wa fani, muundo huu una sifa ya uwazi. Mtu asiyejua kuandika programu, lakini anayejua kusoma karatasi ya bei za simu, angeweza kuziweka mbili hizo kando kwa kando na kuona kama zinalingana. Palipokosewa, angefungua faili na kusahihisha, kisha akaiagiza programu ikague kama mpangilio wa maandishi hauna dosari. Daftari, kwa maana hii, lilikuwa la mlipaji kweli: si kwa kuwa lilikaa kwenye kompyuta yake, bali kwa kuwa aliweza kulisoma hadi kwenye kanuni iliyozaa kila namba.

Sifa ya pili ni ya maudhui. Kanuni iliweza kufungamanishwa na siku ya juma, na tarehe maalumu, au na Pasaka, pamoja na siku zinazohesabiwa kutoka Pasaka. Pasaka haina tarehe moja kila mwaka, hivyo programu ililazimika kujua kuikokotoa. Jambo hili dogo linafichua kuwa bei ya simu haikuwa namba tupu. Ilifuata kalenda ya jamii iliyoiweka: siku zake za ibada, saa zake za kazi na usiku wake. Msomaji wa Afrika Mashariki atagundua mara moja kwamba sikukuu ya Idi, inayofuata mwandamo wa mwezi, isingeweza kuelezwa kwa kanuni hiyo ila kwa kuandika tarehe upya kila mwaka. Hilo si kosa la kihesabu, kwa kuwa kilitungiwa bei za mahali pengine. Linathibitisha tu kuwa kila kipimo hubeba mazingira ya waliokitunga.

Pamoja na uwazi huo, muundo una mtego. Kanuni zilisomwa kutoka juu kwenda chini, na ile ya mwisho inayolingana na wakati husika ndiyo iliyotumika. Aliyeongeza mstari mpana mwishoni mwa faili alifuta, bila kukusudia, mistari yote mahususi ya juu yake. Ukaguzi wa mpangilio usingelalamika, kwa sababu maandishi yalikuwa sahihi. Ni hesabu iliyokuwa potofu. Uwazi wa matini, basi, haukuwa dhamana ya ukweli wake. Uliwezesha tu kosa kuonekana na mwenye kutafuta.

4.0 Mapungufu ya kipimo

Pungufu la kwanza ni tarehe. Katika sehemu za faili zilizoelezwa hapo juu, hakuna iliyotengwa kusema kanuni inaanza lini au inakoma lini. Bei ilipobadilika, faili la zamani liliendelea kuhesabu kwa utulivu ule ule na kuonesha jumla yenye tarakimu mbili baada ya nukta, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarakimu hizo zilimpa msomaji imani ambayo kanuni haikuistahili. Tatizo hili lilikuwa zito baada ya Januari 1, 1998, soko la simu la Ujerumani lilipofunguliwa kwa ushindani kamili. Kampuni ziliongezeka na bei zikawa za kupanda na kushuka.

Pungufu la pili ni la mahali. Kihesabu kilikaa upande wa mpigaji. Saa iliyotoza ilikuwa upande wa mitambo ya simu. Sekunde ambamo modemu mbili zinatambuana, jina na neno la siri vikikaguliwa, zililipiwa tayari, na programu ingeweza tu kukisia mwanzo wake kutokana na ishara za modemu. Ilikuwapo njia ya kupata habari kutoka mitambo yenyewe: nchini Ujerumani, kwa laini za kawaida, mshtuo wa kilohezi 16 uliweza kutumwa kwa kila yuniti ili kuendesha mita ya nyumbani. Lakini mshtuo huo huo uliweza kuvuruga mawasiliano ya modemu hadi yakakatika, na baadhi ya watumiaji walilazimika kuweka kichujio ili kuuzuia. Ishara pekee ya kweli kuhusu bei ikawa adui wa huduma inayolipiwa. Kwa hiyo daftari la pili lilibaki kuwa makadirio.

Je, makadirio yanafaa nini mbele ya ankara rasmi? Jibu linapatikana katika siku ile ile bei mpya zilipoanza. Januari 1, 1996 ilikuwa sikukuu, lakini kutokana na hitilafu ya programu katika mitambo ya simu, wateja walitozwa bei ya siku ya kazi. Tukio hili linavunja dhana kwamba upande mmoja hukadiria na upande mwingine hujua. Pande zote mbili zilihesabu kwa programu, na programu zote zina uwezo wa kukosea kuhusu sikukuu. Tofauti ni kwamba kanuni ya mlipaji ilisomeka.

5.0 Mjadala: nidhamu ya nani?

Kuna hoja inayoweza kuelekezwa dhidi ya mtazamo huu: kwamba kihesabu kilimtia mtumiaji adabu badala ya kumpa uwezo. Namba inayopanda mbele ya macho humfanya msomaji asome haraka na mwanafunzi asubiri usiku wa manane, huku bei yenyewe ikiachwa bila kuulizwa. Hoja hii ina uzito. KPPP haikusema popote kwamba saa ya mchana ni ghali mno. Ilisema tu kwamba imefika Mark 4.80. Ubanaji matumizi ulikuwa kazi ya mnunuzi, na bei ilikuwa kama hali ya hewa.

Hata hivyo, hoja hiyo inasahau kwamba haiwezekani kulalamikia bei isiyojulikana. Anayeona tofauti ya Mark 4.80 na Mark 1.80 kwa saa moja ile ile ana pa kuanzia kuuliza. Ulinganisho na programu zilizofuata unalitia nguvu jambo hili. SmartSurfer ya WEB.DE, kwa mfano, ilipokea orodha za bei kupitia mtandao na kuchagua namba nafuu ya kupiga. Ilitibu tatizo la tarehe, na kwa mfuko wa mtumiaji huenda ilifaa zaidi. Lakini hapo mtumiaji aliacha kuandika kanuni na kuanza kupokea uamuzi. Pishi lilihama tena mkononi mwake.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kihesabu gharama cha KPPP kilikuwa na dosari katika kupima lakini kilikuwa na sifa katika kuandika. Somo lake halikuisha na modemu. Simu za Android, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, zinahesabu data zinazotumika na kumkumbusha mwenye simu kwamba hesabu ya kampuni inaweza kutofautiana na hii. Onyo hilo ni la uaminifu. Hata hivyo, hesabu yenyewe ni ya megabaiti, si ya shilingi. Mnunuzi wa kifurushi Dar es Salaam au Mombasa anaona alichotumia, ila kwa thamani yake na salio lake hutegemea ujumbe wa muuzaji. Ana kibaba, hana bei ya kibaba. Chombo cha mwaka 1998, pamoja na makosa yake yote, kiliviweka viwili hivyo katika mstari mmoja ambao mlipaji aliweza kuufungua na kuusoma.