Kidon: Silaha ya Goliathi na Tatizo la Tafsiri

Neno la Kiebrania kidon latokea mara tisa tu katika Agano la Kale, na uchache huo umewasumbua wafasiri tangu zamani. Katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 17, Goliathi ameibeba silaha hiyo, iliyofanywa kwa shaba, kati ya mabega yake. Wafasiri wa Septuaginta waliiita ngao kwa Kigiriki. Hieronimo naye aliiita ngao kwa Kilatini, hata pale Yoshua anapoinyosha kuuelekea mji wa Ai. Waingereza wa 1611 wakaigawa: mkuki mkononi mwa Yoshua, ngao mbele ya Daudi.

Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, imeshikamana na "mkuki" mahali pote pawili. Huo ni msimamo ulio bora kuliko wa Waingereza, ila una hasara yake. Daudi anapomjibu Goliathi anazitaja silaha tatu: herev, hanit na kidon. Kwa Kiswahili zimekuwa upanga, fumo na mkuki. "Fumo" limechaguliwa vyema, maana hanit ni silaha nzito ya kuchomea. Lakini mtu wa pwani ajua kuwa fumo nalo ni mkuki, wenye bapa pana. Basi silaha tatu zimekuwa aina mbili, na kejeli ya Daudi imepungua makali.

Gombo la Vita, lililopatikana Qumran mwaka 1947, limeleta ushahidi usiopuuzika. Humo kidon ina urefu wa dhiraa moja na nusu na upana wa vidole vinne. Hivyo si vipimo vya mkuki, ni vya upanga mfupi. Mwaka 1956 G. Molin alishika kwamba ni upanga uliopinda, na mwaka 1974 Othmar Keel akakilinganisha kitendo cha Yoshua na michoro ya Misri, ambamo mungu humnyoshea Farao upanga wa namna hiyo kuwa alama ya ushindi. Kwa maelezo hayo yaeleweka kwa nini Yoshua hakuirusha silaha yake, wala hakuurudisha mkono hata watu wa Ai walipokwisha angamizwa.

Hata hivyo Gombo ni la karne nyingi baada ya Goliathi, na majina ya silaha huhama: kwa Kiebrania cha leo kidon ni singe ya bunduki. Tena Goliathi alikuwa na herev tayari, ambayo Daudi aliichomoa alani akamkatia kichwa. Je, alibeba panga mbili? Hilo si muhali, ikiwa moja ni ya kunyoka na nyingine ya kupinda.

Kwa Yoshua na Goliathi, "kitara" lingefaa zaidi, ingawa lina harufu ya mapambo ya masultani. Katika Yeremia 6, ambapo kidon imeandamana na upinde mikononi mwa wapanda farasi, "mkuki" na ubaki.